Milimita Tisa

Mgonjwa mmoja, uvimbe mmoja, mistari minne.
Naipachika juu kwa juu kwenye skrini,
huku chini kabisa ya jengo, Upper Hill,
ambako kuta ni nene kuliko za benki
na simu haishiki mtandao.

Kijani ni Cheptoo. Anabana.
Kipanya chake hupita kando ya ugonjwa
kama kisu cha anayemenya viazi vya mkopo.
Nyekundu ni Ombati. Yeye huachia nafasi,
kwani aliwahi kumpokea mtu aliyerudi,
uvimbe umeota pale pale wino ulipokoma.
Bluu ni Halkano, hupanda vipande viwili
zaidi ya wenzake; kisa hajawahi kusema.
Njano ni Wairegi, aliyechora saa mbili usiku
baada ya wagonjwa arobaini na mmoja.

Katikati hakuna ubishi.
Ugomvi uko ukingoni, upande wa kibofu:
milimita tisa.
Penseli moja na kidogo.
Humo ndani mna haja ndogo ya mtu,
ya miaka yote iliyobaki.
Au mna mbegu.

Kwetu Mwala, mama na shemejiye
walishtakiana miaka kumi na mmoja
kwa mkonge uliosogea.
Mpima ardhi alipokuja na mnyororo wake
akapata mpaka wa tatu,
usiokuwa wa yeyote.

Alhamisi tukakaa, chai ikapoa.
“Hiyo ni nyama au ni maji?”
“Mimi nilifunzwa hivi.”
“Na mimi nilifunzwa vingine.”
Nikatoa mchoro wa tano, nilioubana kwapani.
“Huyu nani?” akafoka Ombati. “Kakata utumbo!”
Ni wako, daktari. Wa wiki tatu zilizopita.
Kipande kile kile.

Kicheko kilianza, kikafia njiani.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa,
akajitazama mwenyewe kwenye skrini
kama mtu aliyeonyeshwa sahihi yake
akaikana.

Tukafuta yote.
Tukaanza na kibofu, kwa pamoja,
kipande kwa kipande, mkono ukipokezana,
kila anayechora akisema kwa sauti kwa nini.
Saa kumi na moja, zilibaki milimita nne.
Hakuna aliyepiga makofi.

Nduku, mshonaji wa Kenyatta Market,
amelala kwenye meza ngumu,
uzi wa mwanga umemkata tumboni.
Anagusa nukta tatu tulizomchanja ngozini.
“Hizi zikioshwa zinatoka?”
Hazitoki, mama.
“Basi mmepima vizuri?
Mimi nikikosea kukata
natuma mtoto Eastleigh kwa kitambaa kingine.”

Tumepima, nasema. Wanne.

Sikumwambia kuhusu zile nne zilizobaki.
Navuta mlango wa risasi; hauna haraka,
unajifunga kwa muda
ambao ungetosha kumwomba mtu samahani.