Herufi za Chini

Mimi ndiye niliyemuuzia Bi Twaiba friza,
hapa Langoni, wiki mbili kabla ya Ramadhani.
Mimi ndiye niliyemwambia,
"Ongeza elfu sita tu, mama,
upate miaka mitatu ya kulala usingizi."
Akafungua fundo la leso, akahesabu:
sarafu za watoto wa madrasa,
bado zinanata sharubati ya maembe.

Mwezi wa kumi na nne friza ikanyamaza.
Ikarudi juu ya mkokoteni wa Bunu,
ikidondosha maji mekundu tangu Mkomani.

Bosi akavaa miwani, akaweka ukucha
penye herufi ndogo kama mayai ya chawa:
dhamana haihusu kutu,
wala madhara ya hewa ya chumvi.

Hewa ya chumvi. Lamu!
Basi sisi huvuta hewa gani?
Bawaba za duka hili zimeliwa,
kufuli hufunguka kwa mafuta ya taa,
hata muhuri tuliogonga risiti yake una kutu.

Bi Twaiba hakupandisha sauti.
"Kitu huuzwa kifae kazi yake.
Kazi yangu mulijua. Mji mulijua.
Elfu sita yangu, mulinizia nini?"

Bosi akanitazama mimi.

Ningesema sikujua. Ni kweli,
sikuwahi kuisoma ile karatasi.
Nikaingia stoo, nikageuza boksi la feni,
nikamwandikia barua yake ya malalamiko
kwa herufi kubwa,
jina la duka juu kabisa,
na langu, shahidi, chini.