Wajis

Mgeni tunamjua kabla hajafunga mlango wa gari.
Akiulizia barabara ya Gratiot
akaitamka kwa puani, kama Mfaransa aliyeichora,
tunatazamana.
Hapa Detroit ni Grashit. Inasikika kama chafya
na mabasi yanafika vilevile.

Schoenherr, na msafara wote ule wa herufi,
ni Sheina tu,
binti aliyevua koti la babu yake akalitupa njiani.
Livernois tumeikata mkia.
Lahser ndiyo imetushinda:
mke wangu huiita hivi, shemeji zangu vile,
na Krismasi moja nusura bata mzinga aruke tena.

Kila duka tunalifunga S kiunoni,
S ya mwenyewe, S ya kusema ni la fulani.
Hata kiwanda. Baba alipiga chapa milango ya magari
miaka thelathini na mmoja,
na kila alfajiri: haya, nakwenda Fords,
kana kwamba ni kibanda cha jirani
na mwisho wa mwezi angeweza kukopa.

Sasa, pale kona kulikuwa na duka.
Nyama, viberiti, soksi za kazi.
Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu: WÓJTOWICZ.
Mzee Zbigniew alituandikia, sisi watoto,
kwenye karatasi ya kufungia soseji:
Vui-to-vich. Semeni.
Tukasema Wajis.
Akafumba macho kidogo.
Akatukatia soseji.

Alipouza, akanunua Sarmad Yaldo,
mtu wa kutoka vijiji vya karibu na Mosul,
akapandisha bango la taa: NINAWI.
Siku ya kufungua, soda bure.
Tulizinywa zote.
Kesho yake simu ikalia; Bi Odessa Crump,
anataka kujua kama maini yamefika.
Hapo ni Wajis?
Mimi nilikuwa pale, nasubiri chenji.
Sarmad alilitazama bango lake kwa ndani ya kioo,
herufi zimegeuka, zinasomeka kinyumenyume,
bado hajamaliza kuzilipia.
Ndiyo, akasema. Ni Wajis. Nikusaidie nini?

Mazoea yana taabu, lakini taabu yenyewe
humwangukia nani, sikuwahi kujiuliza
mpaka Novemba hii, kituo cha basi,
mwanamke mwenye koti jepesi, koti la Florida,
akaniuliza liko wapi duka la Vui-to-vich.
Nikamwambia, mama, nimezaliwa mtaa huu,
nina miaka sitini na minne,
hilo sijapata kulisikia.
Akanitajia herufi mojamoja, taratibu,
kama mtu anayempa polisi namba ya gari lililoibwa.
Kufika kwenye J nikapiga kelele:
Aaa! Wajis! Liko nyuma yako!

Hakugeuka mara moja.
Mnaliitaje?
Nikarudia, sauti imeshuka.
Akalijaribu mdomoni, Wajis,
kama peremende iliyosahauliwa mfukoni,
yenye vumbi la nguo, lakini bado tamu upande mmoja.
Baba alikuwa akitucheka kwa hilo jina, akasema.
Au alikuwa akilia. Nilikuwa mdogo.

Akaingia. Waliyosemezana sikuyasikia.
Niliona kwa kioo Sarmad akifuta mikono,
kisha akimwonyesha ile mashine ya kukatia nyama,
ya zamani, ya chuma, haijabadilishwa,
naye akaweka kiganja kwenye mpini
akakiacha hapo.

Basi likaja.
Grashit, nikamwambia dereva.
Kijana, mgeni kazini, kofia mpya.
Wapi? akauliza.
Nyuma yangu watu wanasukumana, baridi inaingia.
Nikatazama beji kifuani pake, nipate kumwita vizuri:
herufi kumi na moja.
Nikameza mate.