Kumfukuza Yunus kwa Sindano

Nilipouanza mfarishi huu
Yunus alikuwa tumboni mwa Mwanaheri,
na hesabu yangu ilikuwa miraba themanini,
kitu cha kitanda cha mtoto,
mwezi mmoja, nimemaliza.
Sasa ana miaka saba na meno mawili mapya,
mimi nina miraba mia mbili na kidogo,
na kitambaa cha nyuma bado sijakinunua.

Kila nikiongeza safu mbili, yeye huongezeka nne.

Mvua ya Oldham haiombi ruhusa.
Huanza Jumatatu, ikaniachia mchana
wa rangi ya maji yaliyooshea masufuria.
Saa tisa alasiri nawasha taa, nasogeza sahani,
meza ya kulia inageuka karakana.
Kwanza pasi. Kisha chaki. Kisha mkasi.
Halafu kukaa na kutazama tu,
kazi isiyoonekana,
na ndiyo inayokula siku.

Nimekata shati la sare la Haroub,
alilostaafu nalo kwenye mabasi.
Yeye mwenyewe yuko sebuleni, anauliza,
"Lile si lilikuwa bado lavalika?"
Nimekata mapazia ya duka la hisani,
suruali ya Yunus iliyotoboka magotini,
pale palipobaki pazima.
Na kanga niliyokuja nayo mwaka wa tisini na nne,
MANENO YAO HAYANIPUNGUZI.
Siku tatu mkasi ulikaa juu yake.
Nilipokata, kipande kimoja kilitoka
na HAYA peke yake.
Nimekiweka katikati. Nikichoka nakisoma:
mara ni aibu,
mara ni haya basi, twende.

Edna Schofield wa nyumba ya pili
alisimamia mashine za nyuzi mpaka kiwanda kikafungwa.
Kiwanda sasa ni fleti za watu,
na nusu ya masikio yake imebaki humo.
Huja Alhamisi, kastabini mfukoni,
hupitisha kidole juu ya mshono
kama mkunga anayepapasa tumbo.
"Hapa," husema. Neno hilo tu.
Hapa maana yake fumua.
Safu ya tisa nimeifumua mara nne.
Nimefumua nikicheka,
nimefumua nikitukana kwa Kipemba
ili Edna asielewe.
Alielewa.

Na pembe hazikutani, nisidanganye.
Kwenye safu ya kumi na moja
buluu imepanda juu ya njano
kwa unene wa punje ya mchele,
na nimeiacha hivyo.
Mwenye macho ya kuiona na aje na sindano yake.

Jana niliunganisha nusu mbili kwa bandi,
nikautandaza sakafuni, toka mlangoni hadi kwenye hita,
nikapanda ngazi niutazame kutoka juu
kama rubani anayetafuta pa kutua.
Ulikuwa mkubwa.
Niliogopa kidogo.
Nikaenda kuchemsha maji.

Niliporudi, Yunus alikuwa amejiingiza chini yake,
na sare ya shule, na soksi moja,
pini nilizosahau zimemzunguka pande zote.
Amelala.
Huku kichwani unamtosha, hata wabaki.
Huko miguuni, vidole vitano viko nje.

Sikumwamsha.
Nilichomoa pini moja moja, nikizihesabu
kwa midomo bila sauti: kumi na saba.
Nikaketi sakafuni pale kitambaa kilipoishia,
nikatunga uzi, mara ya tatu ukaingia,
nikachukua mraba mmoja, wa shati la basi,
nikaanza kuushonea palepale,
kwenye vidole.