Vitanda vya Februari

Belarmino ametandaza karatasi mbili mezani,
kazigandamiza kwa kopo la chumvi:
huku nyumba ya mbao kando ya Ziwa Ranco,
vyumba viwili, jiko la kuni, mtumbwi wenye kiraka;
huku hoteli ya Pucón, ghorofa tano,
kifungua kinywa ndani ya bei.

"Tupige kura," anasema,
kana kwamba yake hajaipiga tangu Desemba.

Nayareth na Eliseo wanataka hoteli,
kisa bwawa la maji moto.
Mama mkwe, doña Zunilda, anataka mbao:
hotelini, asema, mtu hulazimika kukohoa kwa adabu.
Belarmino anataka moshi, kondoo mzima juu ya makaa,
anataka kuamka bila saa akapasue kuni
ambazo hapa Osorno, mwaka mzima,
hununua zilizokwisha kupasuliwa.

Wawili kwa wawili.

Mimi hutandika vitanda kumi na vinane kwa siku,
ghorofa ya tatu, nyuma ya kituo cha mabasi.
Naijua hoteli kama daktari wa meno ajuavyo tabasamu.
Nikiona shuka jeupe nauona mgongo wangu.
Najua glasi ipi imeoshwa
na ipi imepanguswa tu na taulo la jana.

Na mbao nazijua.
Miaka kumi na mmoja nimehamia huko na sufuria zangu,
mchele, mafuta, vitunguu, sabuni, viberiti,
nikaosha sahani zilezile mbele ya ziwa jingine.
Wao waliogelea.
Mimi niliyaona maji kupitia dirisha la jikoni,
dirisha lenyewe kadiri ya sinia,
nikasema: kweli, ni mazuri.
Siku ya tatu mvua ya kusini ikaja, kama ijavyo,
ikatufungia watano na harufu ya soksi,
na doña Zunilda akihesabu vijiko vya chumvi nitiavyo.
Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza,
koti likiwa bado mwilini.

"Na wewe, Otilia?"

Birika likapiga mluzi.
Watu wanne wakanitazama,
si kwa ubaya,
kwa mazoea tu, kama mtu atazamavyo swichi.
Sikuinuka.
Likalia, likalia, dirisha likajaa mvuke,
hata Eliseo akaenda akalizima, akiunguza kidole.

"Hoteli," nikasema.

Usiku mbili tu; fedha haikuruhusu wa tatu.
Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, mikono iliamka kabla yangu.
Nilitandika upande wangu
huku Belarmino akikoroma upande wake,
kona zimekunjwa kama bahasha.
Nikapanga taulo. Nikapangusa sinki.
Nikaketi ukingoni, nikajicheka, nikalia kidogo.

Kisha nikatandua.
Makusudi. Nikavuta shuka hadi sakafuni,
nikaacha mto umelala kama mlevi.

Saa nne msichana akagonga, na mkokoteni wake.
Akatazama kitanda, akatazama vidole vyangu,
ngozi iliyochubuliwa na dawa ileile.
"Wapi?" akauliza.
"Osorno. Ghorofa ya tatu."
"Mimi hapa ya nne na ya tano, mwenzangu anaumwa."
Nikashika ncha moja ya shuka. Akanipokonya,
kwa upole, kama mtu amnyang'anyavyo mtoto kisu.
"Nenda ukale, mama. Mayai hupoa."

Yalikuwa yamepoa kweli.
Nikayala yote, na mkate, na jamu ya mirungamo,
kahawa nikamiminiwa na mtu nisiyemjua jina.
Doña Zunilda akakohoa kwa adabu.
Nje, mlima ulikuwa na theluji yake ya kiangazi
na dirisha lilikuwa kubwa.

"Mwakani mbao," Belarmino akasema.

"Mwakani," nikasema, "utabeba sufuria."
Nikaongeza kikombe.