Kiwango cha Saa Tatu

Saa tatu kasoro dakika nne. Ukungu wa Mwanjelwa
haujaamua kama ushuke au upande Loleza.
Nimevaa koti la marehemu baba, vidole vimezama mikononi mwake,
natazama kioo cheusi kikijiandika chenyewe:
inaunganisha, inasubiri, imepata.
Dola: elfu mbili mia sita kumi na nne, nukta thelathini na saba.
Kisha euro, kisha randi, kisha kwacha.
Benki Kuu imesema, na duka la dada Tumpale limesikia
bila mtu kupiga simu.

Zamani (namaanisha mwezi wa pili)
Tumpale aliamka na daftari lenye doa la mafuta ya taa,
akazidisha, akagawa, akafuta kwa kidole na mate:
kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe, kakao ya Kyela,
kila pakiti na bei zake nne.
Akifika ya mwisho, ya kwanza imeshachacha.

Mama akaja kutoka Tunduma kuona mashine.
Mama, aliyebadilisha fedha miaka ishirini na miwili
kwenye kile kipande cha barabara ambapo
mguu mmoja uko kwetu na mwingine uko Zambia.
Hakuwa na programu, alikuwa na sikio.
Malori yakipungua, kwacha inalegea.
Dereva akiuliza bei mara mbili, ana haraka;
akiuliza mara moja tu, ameshapita kwa Gwakisa.
Kiwango alikitunza chini ya ulimi
kama kipande cha tangawizi, hakitemi mpaka kiwashe.

"Hiki chako kinatoka kwa nani?"
Benki Kuu, mama.
"Umewahi kumwona mtu aliyeuziwa dola kwa bei hiyo?"
Feni ya kompyuta ikajibu badala yangu.
"Basi hicho ni cha kuandikia," akasema, "si cha kulia."
Akaomba chai.

Nilikasirika siku mbili.
Siku ya tatu nikaongeza mstari mmoja chini ya hesabu,
asilimia mbili na nusu, ile inayoliwa njiani
kati ya tangazo na mkono.
Mstari huo una jina. Unaitwa mama.

Halafu ikaja Jumanne ya mkato.
Huko juu mtu alihamisha alama ndogo, ndogo kuliko chawa,
na programu yangu ikasoma elfu mbili kuwa mbili.
Nusu kilo ya kahawa, shilingi elfu kumi na nane,
ikawa dola elfu sita mia nane na kitu.
Kwa saa moja na robo tulikuwa matajiri wasio na mteja.
Mmoja tu, wa Turku, aliandika kwa adabu:
samahani, hii inachumwa na malaika?

Tumpale alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi sikucheka. Nilikwenda kuandika kizuizi:
kiwango kikiruka kupita asilimia tano tangu jana,
simama, usiguse bei, muulize mtu.
Mtu yupi? Programu ilidai namba.
Nikaandika ya Tunduma.

Siku hizi, kiwango kikishtuka,
simu ya mama inalia kwenye kibanda chake cha vocha,
anavaa miwani, anajibu ndiyo, au hapana,
na bei zinahama, au zinatulia.
Jumamosi na Jumapili Benki Kuu imelala;
tunabeba cha Ijumaa kama kiporo.
"Jumamosi ndiyo siku ya malori," mama ananung'unika,
"nani kawafundisha hawa kupumzika?"

Leo kwacha imeruka. Ujumbe ukaenda.
Dakika sita, saba, jibu likarudi:
Subiri. Malori hayajafika.

Programu ikakwama.
Inajua ndiyo, inajua hapana. Hilo neno la tatu
sikulifikiria, na sijui nitaliandikaje:
litahesabu nini, litaangalia barabara gani.

Tumpale anachungulia mlangoni, gundi mkononi,
anauliza kama afunge mzigo wa Lusaka.
Namwambia asubiri.