Lami Inapoanzia

Siku sita navaa nyeupe.
Nasimama Ipuli, kwenye kona ya wauza mbao,
nanyoosha mkono, na barabara nzima inapunguza mwendo.
"Leseni." Siongezi kitu.
Neno hilo moja limenilisha miaka kumi na tisa.

Siku ya saba navaa kaptura.
Nyamizi anabeba mto wa kochi kwapani,
maana bila mto haoni boneti,
nami nabeba uongo mdogo wa kumwachia mama yake:
tunakwenda kuangalia maji Igombe.

Mama yake hajawahi kuuliza maji yamefika wapi.

Kuna shamba la tumbaku lililochoka,
nyuma ya mabani yaliyoanguka paa.
Hakuna nguzo, hakuna ukuta, hakuna mbuzi wa mtu.
Pale tunabadilishana viti.
Ana miaka kumi na mitano na miezi minne.
Hiyo miezi nimeihesabu mwenyewe,
kama mshitakiwa anavyohesabu.

"Klachi mpaka chini. Usiikanyage kama mende.
Sasa iachie taratibu,
kama unamlaza mtoto na hutaki aamke."
Gari linaruka, linakohoa, linazima.
Linaruka tena. Huko nyuma dumu la asali
nililolisahau tangu Sikonge linabingirika,
linapasuka kifuniko, linalowesha jeki na spana.
Tunacheka mpaka vioo vinaingia ukungu.

Nimewahi kuwafunika watoto wa rika lake
kwa kanga za wapita njia,
pikipiki bado inazungusha gurudumu mtaroni.
Ndiyo maana namfundisha.
Ndiyo maana sikupaswa kumfundisha.
Sababu ni ile ile; usiku naigeuza
upande huu, upande huu,
na kitanda hakinisaidii.

Jumatatu, saa mbili asubuhi,
nikasimamisha pikapu ya mkaa.
Usukani ulikuwa mkubwa kuliko kifua chake.
Jina, Kapela. Leseni, hana. Miaka, akatazama mbao.
"Nani kakufundisha?"
"Baba. Shambani. Jumapili, tukitoka kanisani."
Kisha akaongeza "afande,"
kama mpishi anayekumbuka chumvi chungu kikiwa kimeshaepuliwa.

Sisimizi walikuwa wananipanda kiatu.
Asali ilikuwa kwenye soli; wao walijua.

Niliandika. Mkono haukutetemeka,
herufi zilikaa kwenye mstari kama wanafunzi wa zamani.
Ila pale penye jina la mkosaji
kalamu ilisita kidogo,
na sitasema ilitaka kuandika nini.

Jumapili iliyofuata Nyamizi aliendesha
kama gari limezaliwa naye.
Gia ya pili, ya tatu, wala sikusikia zikiingia.
Akarudi nyuma katikati ya visiki viwili
ambavyo mimi mwenyewe nisingevijaribu.
Kiburi kikanipanda, kikakaa kooni.
Nikasema: "Twende. Leo peleka mpaka nyumbani.
Barabarani hakuna askari,
askari yuko hapa na kaptura."
Nikacheka peke yangu.

Akaendesha polepole, vumbi jekundu nyuma yetu,
akayapita mabani, akaupita mti wenye mizinga mitatu,
mpaka changarawe inapokwisha
na lami inapoanzia, nyeusi, imenyooka kwenda mjini.
Hapo akakanyaga breki.
Akavuta hendibreki. Akazima.
Nikadhani kuna ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe.

Akachukua mto wake.
Akashuka, akazunguka mbele ya boneti,
akaja kunifungulia mlango wangu,
akanyoosha mkono, kiganja wazi, bila neno,
vile vile ninavyofanya mimi Ipuli.

Kiganjani palikuwa na ufunguo, bado una joto.

Nilishuka.