Mdomo wa Kijiko

Tuliondoka Danyang saa kumi alfajiri,
watu wanne, chupa mbili za chai, mayai kumi na mawili,
na Hongtu akalala kabla hatujalipia barabara.
Peifen hakulala. Alishika jedwali la maji
kama mtu aliyeshika majibu ya hospitali.
"Bamvua leo," akasema. "Bahari itawasukuma mpaka miguuni petu."
Miaka kumi na moja amekuwa akisema hivyo.

Anayetafutwa ni kitwitwi,
uzito wake nusu ya yai,
ataga kule Urusi inakoishia
na kukimbilia joto la matope ya Myanma.
Hapa Rudong hushuka kubadili manyoya
na kula.
Mdomo wake ni kijiko.
Sisemi kama kijiko. Kijiko hasa,
amezaliwa nacho, sahani akapewa bahari.
Wamebaki mia chache duniani.
Mtaa wetu peke yake una watu zaidi
na hakuna anayeamka usiku kuja kututazama.

Pwani ile haina mchanga. Ni tope,
tope mpaka pale macho yanapochoka,
na juu yake mapanga meupe ya umeme wa upepo
yakikata hewa bila haraka.
Wachimba kome walipita na trekta,
nyuso zimefungwa vitambaa vya maua.
Mmoja akauliza tumepoteza nini.
Suyun akamweleza.
"Kandege kenyewe kanaliwa?"
"Hakaliwi."
"Basi kana bahati," akasema, akaenda zake.

Saa nne maji yakaanza kupanda
na ndege wakaja, maelfu,
wakamwagika kama ufuta kwenye sinia bichi.
Wote wa kijivu. Wote mbioni.
Peifen akawasoma mmoja mmoja,
jicho kwenye darubini, midomo ikitikisika:
siye, siye, siye,
siye,
halafu kimya.

Mkono wake ukapapasa nyuma, ukakamata koti langu.
"Njoo," akanong'ona. "Njoo upesi, kabla."
Kabla ya nini hakumalizia.
Alikuwa amemtazama kwa pumzi tatu, nilizihesabu.
Miaka kumi na moja, pumzi tatu,
akanipisha.

Nikainama. Trekta likakohoa.
Nikaona tope.
Tope linalometa, na katikati ya duara
nyayo za vidole vitatu vitatu,
mshono mfupi kwenye nguo kubwa,
na maji yakiingia unyayo mmoja baada ya mwingine,
yakiufumua.

"Umemwona?"

Mimi nasaga lenzi za miwani, mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Nalipwa ili watu waone.

"Nimemwona," nikasema.

Peifen alipiga kelele ambayo hakuwa ameipiga hata siku ya harusi yake.
Hongtu alikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope,
akakuta anga tupu, akatutukana kwa mapenzi.
Suyun akaandika kwenye daftari:
saa nne na dakika ishirini na sita. Idadi: mmoja.
Mashahidi: wawili.

Jioni, mgahawa wa kando ya barabara,
walituletea supu ya kome na vijiko vya kaure.
Peifen alikigeuza chake mbele ya taa, huku na huku.
"Mdomo wake," akaniuliza, "uliuonaje?"
Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa, nikatazama, na bado.
"Mdogo kuliko nilivyodhani," nikajibu.
Alinikazia macho kidogo kuliko ilivyohitajika,
au zaidi, sijui,
kisha akanichotea kome wawili kutoka bakuli lake,
wale wakubwa.

Sijamwambia nilichokiona.
Nyayo zilikuwa saba.
Wa saba ulikuwa bado haujajaa.